Bunduki Iliyooshwa na Mtani

Dola mia moja na arobaini, faranga elfu kumi na mbili, kuku wawili niliowaona kwa mbali wakigawanywa, na mbuzi mmoja ambaye hata supu yake sikuionja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili mbuzi hakurudi. Hiyo ndiyo gharama ya kujua bunduki moja ilitoka wapi. Kama ningejua mapema ningesema iachwe bila kwao. Wako watu tele hapa Kalemie ambao hatujui walikotoka, na tunakula nao harusi vizuri tu.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya mjomba, kaka wa mama yangu. Mjomba alikuwa mtu wa reli tangu ujana wake mpaka treni zilipoanza kuwa chache kuliko watu wa kuzisubiri, na hata baada ya hapo aliendelea kwenda kituoni asubuhi, amevaa kofia, kwa heshima tu. Alikufa mvua zilipoanza, usingizini, bila kumsumbua mtu, kama ilivyokuwa tabia yake. Aliacha mjane, binti mmoja muuguzi mwenye watoto wanne, nyumba ya matofali yenye bati lililochoka, na bunduki ya mitutu mitatu iliyolala juu ya kabati ndani ya mkeka.

Nasema mitutu mitatu na najua unafikiri nimekosea. Mimi pia niliihesabu tena. Miwili iko juu, bega kwa bega, ya marisau, zile risasi za chembechembe za kuulia ndege. Wa tatu uko chini yao katikati, mwembamba, wa risasi moja ya mnyama mkubwa. Inakunjika katikati kama mtu anayesalimia wakwe. Ubavuni amechorwa mnyama mwenye pembe kama mti mkavu, ambaye hapa kwetu hayuko, amesimama kwenye majani ambayo hata mbuzi wetu hawayajui. Sindano za kufyatulia mjomba alizitoa mwenyewe miaka ile ya vita, akaibeba bunduki mpaka kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, akamwonyesha kwamba sasa ni fimbo ya chuma, akarudi nayo. Tangu hapo haikuua hata kunguru. Lakini kila Jumapili baada ya misa aliipaka mafuta, na binti yake akamshikia kitambaa.

Kwa watu wa mama yangu, walioteremka kutoka milima ya Marungu upande wa Kirungu, mwanamume akifa jina lake halizikwi. Mpwa wake, mtoto wa dada, anakalishwa kwenye mkeka, anapewa upinde wa marehemu, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye marehemu. Si mfano. Wajukuu wa marehemu wanamwita babu, mjane anamwekea kiti cha mume hata kama halali kwake, ugomvi wa ukoo unaletwa mlangoni kwake, na minerval, ile karo ya shule, ya watoto ambao hakuwazaa inamtafuta kila shule zinapofunguliwa. Katika ukoo wetu upinde uliliwa na mchwa zamani sana, na nafasi yake ikashikwa na bunduki hiyo.

Mpwa mkubwa ni mimi. Nimeshazika ndugu zangu wawili. Nimesimamia harusi zilizovunjika kabla sijarudisha viti vya kukodi. Magoti yangu yanajua hali ya hewa kuliko redio. Sikutaka kuwa mtu mwingine. Kuwa huyu mmoja kumenichosha vya kutosha.

Siku ya kumaliza matanga tulikaa sebuleni kwa marehemu. Mama mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu na wa mjomba, ndiye pekee wa kizazi chao aliyebaki, na alikaa kwenye kiti cha marehemu bila kuuliza.

"Bunduki hii babu yetu aliikamata mu mikono ya Mudachi," alisema. "Kule ng'ambo, mu vita ya kwanza ya wazungu. Njo bunduki ya ukoo. Inaenda kwa mupwa."

Babu aliyemtaja alikuwa mjomba wa mama yao, mtu ambaye kila siku ya msiba alikuwa anaongezewa ushujaa kidogo. Hadithi hiyo nimeisikia katika nyumba nyingi za mji huu, na kila nyumba ina Mjerumani wake. Kama bunduki zote za Kijerumani za hapa zilitoka vitani, basi Wajerumani wale walikuja na bunduki nne nne kila mmoja, na hawakuwa na mkono wa kushikia chakula.

"Mama, baba aliinunua," alisema binti ya marehemu. Alikuwa bado na vazi lake la kazini, maana alitoka zamu moja kwa moja. "Muzungu wa reli alimuuzia alipoondoka."

"Alikuambia vile?"

"Aliniambia: hii haitoki mu nyumba."

"Kutotoka si kununuliwa. Hata miye sitoki, na hakuna muntu alininunua."

Jambo lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulibeba. Kama bunduki ilitoka kwa babu, ni ya ukoo, na anayeichukua anachukua jina. Kama mjomba aliinunua kwa mshahara wake, ni mali yake kama redio na kitanda, inakwenda kwa binti. Na jina, likikosa cha kukabidhiwa, lingelala mpaka apatikane mtu mwenye hamu nalo. Binti aliitaka bunduki ile kwa sababu ya Jumapili zile. Mimi nilitaka aipate kwa sababu zangu. Tulitazamana mara moja tu, kama watu wawili waliokutana kwenye foleni moja wakielekea dirisha moja.

Kisha wote wakanigeukia. Mimi nauza vipuri vya mota za mitumbwi. Navitoa Kigoma, navivusha ziwa, na mkate wangu wote ni kujua kipuri kipi ni cha kweli na kipi kinajifanya. Chuma kina kwao, na kwao kumepigwa muhuri mahali fulani, mara nyingi upande ambao muuzaji ameushika kwa kidole gumba.

"Wewe unasoma vyuma," Mama mkubwa aliniambia. "Soma hii, tumalize."

Nikapiga picha kila upande, nikazituma Kigoma kwa fundi mmoja ambaye maisha yake yote ametengeneza bunduki za askari wa wanyamapori. Namjua kwa sababu ya mota; tunaibiana kwa kiasi na tunaheshimiana. Alinijibu kwa sauti, na nyuma yake nikasikia tupa ikikwaruza.

"Mzee wangu, picha za juu hazisemi kitu. Huyo mnyama mwenye pembe kila mchoraji wa kwao amemchora. Toa ubao wa mbele, chomoa mitutu kwenye kitako, igeuze. Kwao bunduki ilijaribiwa kwanza kwa baruti ya kupita kiasi, ikipona ndiyo inagongwa muhuri. Tafuta taji. Chini ya taji kuna herufi. U maana yake imekaguliwa, S ni mtutu wa marisau, G ni mtutu wenye mifereji ndani. Tafuta na ndege, yule tai wao. Halafu utaona namba mbili ndogo zimekaa pamoja, ya kwanza haizidi kumi na mbili: mwezi na mwaka. Ukishapata mwaka, nani atabishana na wewe?"

Hakuwa anamjua Mama mkubwa.

"Haifunguliwi," Mama mkubwa alisema nilipomweleza.

"Ni kugeuza tu ubao, Mama."

"Upinde wa marehemu hauteguliwi, na bunduki yake haifunguliwi, mpaka murithi akae ku mukeka."

Nikakaa nikafikiri. Haifunguliwi mpaka mrithi apatikane; mrithi hapatikani mpaka ijulikane ilikotoka; ilikotoka hakujulikani mpaka ifunguliwe. Nimezoea ofisi za pande mbili za ziwa, na nimesimama mbele ya karatasi nyingi zinazosubiri karatasi nyingine, lakini fundo lililofungwa vizuri namna ile sikuwahi kulikuta. Nilirudi nyumbani, nikalala mchana, jambo ambalo nalifanya nikishindwa bei.

Bei ikishindikana usiongeze pesa, badilisha bidhaa. Siku iliyofuata nilirudi nimebeba sukari.

"Mama mukubwa, mjomba siku ya kuzikwa aliogeshwa?"

"Unauliza nini? Aliogeshwa."

"Na nguo zake?"

"We mutoto, unaoga na nguo?"

"Nani alimwogesha?"

"Watani. Nani mwingine?"

"Basi nauliza tu. Bunduki si njo upinde wake? Na upinde si njo mukono wake? Wote tumeona: mukono ule haukuoshwa. Tumemuzika muntu nusu."

Aliweka sukari chini ya kiti, na hapo nikajua tumefika mahali.

"Ulizaliwa ku soko," alisema.

"Nilizaliwa mikononi mwako, Mama. Soko nilipelekwa."

"Itaoshwa. Lakini mutani njo ataiosha, na atailipisha, kwa sababu mumechelewesha. Na atalipwa na yule aliyefungua kinywa."

Ndipo alipoingia mbuzi katika hesabu.

Ukoo wetu ni wa udongo, na watani wetu ni ukoo wa mvua. Wao hutuzika na sisi huwazika; wao hututukana msibani na ni marufuku kukasirika. Mtani aliyekuja alikuwa mzee wa bandarini, kuli tangu ujana, mwenye mikono kama majembe na sauti iliyozoea kushindana na honi za meli. Alianza kutukana kabla hajafika kwenye ua.

"Watumwa wangu muko wapi? Nasikia mumeshindwa kuosha hata fimbo!"

"Karibu, Papa," binti akamwambia, akamletea kiti.

"Kiti cha nini? Mvua inakaa? Bila sisi nyinyi wote vumbi tu, mungefagiliwa zamani."

"Na mvua bila udongo inaangukia wapi?" nikamwuliza. "Inapita tu, inakwenda ziwani, hakuna muntu anaijua jina."

Akacheka mpaka akakohoa, akanipiga bega, nikaumia kweli. Kisha binti akafungua mkeka barazani, na mzee akaacha kucheka. Aliinama, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena, nikaona nimempata mwenzangu.

"Nyie wezi," alisema. "Niliitwa kuosha mukono moja wa marehemu. Hapa naona tatu. Mbuzi tatu."

"Mbuzi mmoja tulikubaliana."

"Kwa tundu moja! Tundu tatu, kazi tatu."

"Papa, tazama vizuri. Hii miwili ya juu imezaliwa pamoja, imelala pamoja. Njo mapacha. Mapacha kwenu wanaoshwa mara ngapi?"

Akakuna kidevu. "Mara moja."

"Basi mara moja."

"Na huyu wa chini?"

"Huyu yuko tumboni bado, chini ya ndugu zake. Mutoto wa tumboni anaoshwa na mama yake."

Hata Mama mkubwa alicheka, akiwa amefunika mdomo kwa kitenge. Mtani alikubali mbuzi mmoja kwa mitutu yote, akadai kuku wawili kwa ajili ya mdomo wangu, na nikaona ni bei ya haki.

Alifanya kazi polepole kuliko nilivyotegemea. Aliosha kitako kwanza, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, akisema na marehemu kwa sauti ya chini, maneno ya matusi lakini kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto nguo. Alisukuma kikombo kidogo chini ya ubao wa mbele, ubao ukatoka. Akakunja bunduki, akainyanyua mitutu kutoka kwenye ndoano yake, ikabaki mkononi mwake peke yake. Akaigeuza, akaiweka mapajani.

Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda pale kama masizi ya sufuria. Akayapangusa kwa majivu laini. Binti akapiga magoti kando yake, maana macho yake yamezoea maandishi ya vichupa vya sindano.

"Taji," alisema. "Ndogo kama punje ya mutama. Chini yake U. Hii ingine taji na S. Huku tena S. Hapa ku mutoto wa chini, G."

"Ndege?"

"Ndege iko. Amefungua mabawa."

"Namba?"

Alizisoma. Nikamwambia azisome tena. Akazisoma, na mimi nikainama nikazisoma mwenyewe, mwezi kwanza, mwaka baadaye. Vita ile ya kwanza ilikuwa imekwisha zaidi ya miaka kumi bunduki ile ilipojaribiwa baruti. Babu asingeweza kumnyang'anya mtu vitani kitu ambacho kilikuwa bado chuma ghafi.

Nilijua mwaka peke yake Mama mkubwa angeumeza bila maji. Nikamwambia binti aendelee kutazama pembeni, kwenye ukingo, mahali ambapo mtu angeshika kwa kidole gumba.

"Kuna neno. Limeandikwa kidogo kidogo," alisema, akalisoma herufi kwa herufi: "G, E, R, M, A, N, Y."

Nikajiegemeza ukutani. Miaka yote ya vipuri ilikuwa imenitayarisha kwa neno lile moja.

"Mama mukubwa," nikamwambia, "mama zetu wa soko wanaopika samaki ndakala nyumbani kwao, wanaandika 'Kalemie' juu ya sufuria?"

"Kwa nini waandike? Wanajua wako wapi."

"Na gunia likipakiwa kwenda Lubumbashi?"

"Lile linaandikwa."

"Basi. Chuma kinachobaki kwao hakiandikwi kwao. Kinachoandikwa ni kile cha kuuzwa mbali. Na tazama kimeandikwa kwa luga gani. Mudachi nchi yake haiiti hivi, na Mubeleji wetu pia haiiti hivi. Hili ni neno la Mwingereza. Bunduki hii ilitengenezwa kwa kuuzwa ku Waingereza. Kiisha vita, ng'ambo hii ya jirani yetu ilikuwa ya nani?"

"Ya Mwingereza," alijibu mtani, mikono yake ikiwa bado na majivu.

"Basi haikutoka vitani. Na haikutoka kwa Mubeleji wa reli. Ilitoka Kigoma, kwa biashara."

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilijisikia mwepesi. Kigoma, biashara: maneno mawili yanayonihusu mimi na si babu yeyote. Binti naye alikuwa anapumua haraka. Mzungu wake wa reli alikuwa amepotea, lakini baba yake alivuka ziwa mara nyingi. Angeweza kuinunua kule. Akatabasamu, akakunja kitambaa vizuri, kama mtu anayefunga mzigo wake mwenyewe.

Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umesema Kigoma?"

"Kigoma, Mama."

"Kwa neno lile dogo, unajua Kigoma?"

"Najua ng'ambo. Na mlango wa ng'ambo ni Kigoma."

Mtani akaacha kupangusa majivu mikononi.

"Basi njo ile," Mama mkubwa alisema. "Nilifikiri ilikuwa ingine. Mama yetu alisema kulikuwa bunduki, hakusema ina mitutu ngapi. Miye nikafikiri babu alikuwa nazo mbili."

Akatueleza, bila kuinua kichwa. Mama yao alikuwa na dada mkubwa. Mfanyabiashara wa chumvi kutoka upande wa Ujiji alikuja pwani yetu msimu mmoja, akamwona, akamtaka. Wazazi walikuwa wamekufa. Mwenye neno alikuwa babu, mjomba wao. Babu hakutaka, lakini kukataa uso kwa uso ni kumvunjia mgeni heshima. Akafanya kile ambacho sisi hufanya: akataja bei isiyolipika.

"Alimuambia: lete bunduki. Si mbuzi, si vitambaa. Bunduki. Alisema vile ili aende na asirudi. Musimu wa pili muntu ya chumvi akarudi. Amebeba bunduki, nzuri kuliko ya muzungu yeyote. Aliipata wapi, hakuna aliyeuliza."

Mimi sheria hii naijua kuliko amri za kanisa: ukitaja bei na mtu akaitoa, umeuza. Hakuna "nilikuwa natania." Nimewaona watu wazima wakilia sokoni kwa sababu hiyo.

"Dada ya mama alilia mpaka mutumbwi ukapotea," Mama mkubwa alisema. "Hakurudi hata siku moja. Babu akaanza kusema aliikamata mu vita. Mwanzoni watu walicheka. Kiisha wale waliojua wakafa, na vita ikabaki."

"Baba alijua?" binti aliuliza.

"Kama alikuwa anaifungua na kusoma, alijua haikutoka vitani. Ama labda mama alimuambia siku alipoipokea. Miye hakuniambia."

Binti alitazama kile kitambaa mkononi. "Ndiyo maana ubao huu alikuwa anaufungua peke yake. Alinituma maji kila mara. Kila mara, maji." Akakiweka kitambaa juu ya mitutu, taratibu, akaondoka kwenda jikoni. Hakuiomba tena bunduki ile. Haikuwa ya vita, haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya ukoo kuliko tulivyowahi kudhani, na mimi ndiye niliyeithibitisha, kwa akili yangu mwenyewe na kwa mbuzi wangu.

Lakini mtu wa soko hakati tamaa mpaka kibanda kifungwe. Nikakumbuka jambo.

"Mama, yule alikuwa dada mukubwa. Mama yenu alikuwa mudogo. Wapwa wa tumbo la mukubwa si wanatangulia? Kama alizaa mabinti, na mabinti wakazaa, basi murithi wa kweli yuko ng'ambo. Jina ni lake. Na bunduki ni yake. Naivusha, namukabidhi, namukalisha ku mukeka miye mwenyewe."

Nilisema haraka, kwa furaha ambayo nadhani ilionekana. Mtani alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtani ni tusi la mwisho.

"Mutumwa wangu, unasoma vyuma lakini bantu husomi. Bunduki ile njo mahari. Ukiibeba ukavusha, ukaiweka mu nyumba ya mume wake, umefanya nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Umerudisha mahari! Na mahari ikirudi, ndoa imekufa. Unamwachisha mama wa watu mu kaburi. Watoto wake wote, na wajukuu, na vitukuu wanaokwenda shule leo, siku moja wanakuwa watoto wa nje. Utafika na zawadi, utaondoka na matusi."

"Njo vile," alisema Mama mkubwa. "Utakaa ku mukeka wewe, utachukua jina. Kiisha utawatafuta, kwa sababu sasa tunajua. Kutojua kulikuwa kupumzika."

Nilipewa mpaka kiangazi niwe nimekaa kwenye mkeka. Mtani aliirudisha mitutu kwenye kitako, akaipaka mawese, akaondoka na mbuzi wake akitukana njia nzima. Binti sasa ndiye anayeipaka mafuta Jumapili. Nimemkuta mara moja. Alikuwa ameufungua ubao, anasoma zile taji polepole kama anasoma dawa ya mgonjwa. Hakunituma maji.

Safari iliyopita ya Kigoma nilimweleza fundi mambo yote, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumweleza. Aliacha tupa yake mezani. Akaniambia iko familia Ujiji, watu wa chumvi tangu zamani, na bibi yao mmoja aliitwa "Mkongo" mpaka alipozikwa. Kuna mjukuu wake upande wa kike, mwalimu mstaafu, mtu mpole. Fundi akanipa namba yake ya simu. Ninayo. Nimeibonyeza mara kadhaa mpaka tarakimu ya mwisho, nikaifuta.

Nikimwambia tuna bunduki yenu, atataka nimvushie, na hapo nimemvunjia bibi yake ndoa. Nikinyamaza, nakaa kwenye mkeka uliokuwa wake, nachukua jina lililokuwa lake, na kwa kweli simtakii mtu mwingine jina lile lakini siwezi pia kumwibia. Nikimwalika avuke aje aione, atauliza ilifikaje huku, na nitapaswa kumwambia kwamba bibi yake aliondoka kwetu kwa sababu mzee mmoja hakujua kusema hapana.

Basi wewe unayesoma, ukiwa mtu wa Marungu au wa Ujiji, au wa popote ambapo mahari bado inakumbukwa kuliko harusi, nishauri. Mwalimu yule nimpigie simu nimwambie nini kwanza?